Baka la Aprili, dawa ya Septemba: kisa cha uwanja wa ukoka mjini Wichita

Uwanja wenyewe uko pembezoni mwa Wichita, jimbo la Kansas, na hutumiwa na ligi ya Jumapili ambayo wachezaji wake wengi wametokea Kivu na Katanga, pamoja na Warundi na Wakenya kiasi. Nyasi zake ni ukoka wa aina ya Tifway, zilizonunuliwa kwa mazulia na kutandazwa miaka minne kabla ya kisa hiki. Miaka miwili ya mwanzo hakukuwa na neno. Mwaka wa tatu, Aprili ilipofika na uwanja ukaanza kurudi kijani, yalibaki mabaka machache ya mviringo yenye rangi ya majani makavu, kila moja upana wa sahani. Hakuna aliyeshughulika. Mwaka wa nne mabaka yalikuwa makumi, mengine yamefika upana wa mita nzima, yamezama chini ya usawa wa nyasi zinazoyazunguka, na yamejazana zaidi upande wa goli la kaskazini, ambako magari huegeshwa siku za mashindano.

Kampuni iliyokuwa na mkataba wa kutunza uwanja ilikwisha kupuliza dawa ya ukungu mara mbili, mwishoni mwa Machi na tena katikati ya Aprili. Mabaka hayakutikisika. Nilipoitwa, mweka hazina wa ligi alinipokea na risiti mkononi.

“Muzee, uniambie ukweli. Ile dawa ilikuwa ya feki?”

Haikuwa feki. Nilisoma lebo: dawa halali yenye azoksistrobini, inayofanya kazi nzuri kwa magonjwa kadhaa ya nyasi. Ila kwa ugonjwa huu haimo miongoni mwa dawa zenye nguvu, na hata ingekuwa kali kuliko zote, ilipulizwa miezi sita baada ya kuvu kuanza kazi yake. Hilo la miezi sita ndilo lililoutia uwanja hasara, na nitalieleza kwa urefu. Lakini kwanza utambuzi, maana Aprili ya Kansas ina njia nyingi za kuua nyasi.

Baridi peke yake huua ukoka. Lakini baridi haichori duara: inaua bondeni maji yanaposimama, inaua kivulini, inaua mteremko unaotazama kaskazini, na kingo za sehemu iliyokufa huwa ovyo ovyo. Mafuta yaliyomwagika toka kwenye mashine ya kukatia huacha doa moja kali, siyo makumi. Mbwa nao wana sehemu yao, ila pale mkojo ulipogusa pembeni nyasi hunawiri kupita kiasi, na hapa hakukuwa na ukingo wa namna hiyo. Mshukiwa wa kweli alikuwa raizoktonia, kuvu inayotoa mabaka makubwa ya mviringo majira hayo hayo. Hiyo hupenda zaidi nyasi za zoisia, na inaposhambulia, ukingo wa baka huwa na rangi ya machungwa, majani yameoza shinani, lakini mashina yanayotambaa yanabaki mazima na nyasi huchipua tena juu yake.

Nilichimba kipande kwenye ukingo wa baka, nusu kilichokufa na nusu kilicho hai. Katikati ya baka hapana cha kujifunza. Huko vimebaki vijidudu vinavyokula mizoga tu, na maabara ikiletewa udongo wa katikati itakujibu kwa majina yasiyo na maana. Kipande nikakitia kwenye ndoo ya maji na kukisugua taratibu kwa vidole hadi tope likatoka. Upande wa hai mizizi ilikuwa rangi ya maziwa, na shina la chini ya ardhi ukilipasua kwa ukucha lilikuwa jeupe na lenye majimaji. Upande wa pili mizizi ilikuwa mifupi na myeusi, na mashina yaligeuka kahawia iliyokoza hadi ndani, yakikatika kwa mlio mdogo kama njiti ya kiberiti. Mashina ya chini ya ardhi yakiwa yameoza hivyo, raizoktonia inatoka kwenye orodha.

Sampuli zilikwenda kwenye maabara ya magonjwa ya mimea ya Kansas State University. Chini ya hadubini zilionekana nyuzi nyeusi-kahawia zinazotambaa juu ya mizizi, na kipimo cha vinasaba kikatoa jina: *Ophiosphaerella herpotricha*. Huu ndio ugonjwa ambao kwa Kiingereza huitwa “spring dead spot”, yaani baka mfu la majira ya kuchipua. Ulielezwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na watafiti wa Oklahoma, jimbo jirani, na kuvu zinazousababisha ni tatu za jenasi moja: herpotricha, iliyotawala nyanda hizi za Kansas na Oklahoma; korrae, inayoonekana zaidi kusini-mashariki mwa Marekani; na narmari, ambayo Waaustralia wanaijua kuliko sisi. Watu wengi hudhani kutofautisha tatu hizi ni anasa ya maabara. Siyo, na sababu itaonekana tukifika kwenye mbolea.

Ili kuelewa kwa nini dawa ya Machi ilikuwa hasara, inafaa kuufuata mwaka wa ukoka wenyewe. Ni mmea wa joto. Tifway ni chotara wa ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini, *Cynodon transvaalensis*, na ilitolewa mwaka 1960 na Glenn Burton kwenye kituo cha utafiti cha Tifton, Georgia. Haitoi mbegu, ndiyo maana inauzwa kwa mazulia au kwa vipandikizi. Kiangazi cha Kansas inakipenda sana. Baridi ikianza, inageuka rangi ya majani makavu na kulala hadi Aprili, ikiishi kwa akiba iliyowekwa kwenye mashina ya chini ya ardhi.

Kuvu yetu nayo ina ratiba yake, na imekaa mahali pabaya kabisa kwenye ratiba hiyo. Udongo ukipoa na kufika kati ya nyuzi 10 na 21 za Selsiasi, yaani Septemba hadi Novemba, ukoka unapunguza mwendo, na kuvu ndiyo inachangamka. Inatambaa juu ya mizizi, inaingia ndani, inahamia kwenye mashina. Kwa macho huoni kitu: uwanja unakwenda kulala kwa usawa, wote rangi moja. Tena, jambo ambalo watu hulikosa, mara nyingi siyo kuvu yenyewe inayoua. Inachofanya ni kuyanyang’anya mashina uwezo wa kuvumilia baridi. Muuaji ni Januari. Ndiyo maana baada ya baridi nyepesi mabaka huwa machache na mepesi, na baada ya baridi kali uwanja ule ule unatia aibu, ingawa kuvu iliyomo ardhini ni ile ile. Ndiyo maana pia ugonjwa huu hauko pwani yenye joto ambako ukoka haulali.

Aprili nyasi nzima zinaamka, zilizokufa hazina cha kuamka, na hapo ndipo mtu anatafuta namba ya mwenye bomba la dawa. Baka likiwa limeshaonekana, kupuliza dawa juu yake ni kumtibu marehemu.

Mabaka haya hurudi mahali pale pale mwaka unaofuata, yakiwa yamepanuka. Hufanya hivyo miaka mitatu, minne, mengine yakipona katikati na kubaki pete. Na huwa yanachagua uwanja ulio na miaka miwili hadi minne tangu kupandwa, hasa uliolishwa vizuri. Uwanja wa Wichita uliingia humo bila kukosa hata kigezo kimoja.

Kulishwa vizuri, na kulishwa wakati mbaya. Risiti za kampuni zilionyesha yurea iliyomwagwa mwanzoni mwa Oktoba miaka miwili mfululizo. Siwezi kusema walikuwa wazembe. Bustani nyingi za nyumba za Wichita zina nyasi za feskyu, nyasi za baridi, ambazo Septemba na Novemba ndiyo miezi yao ya kula. Mtu anayetunza feskyu nyumba hamsini huzoea kalenda hiyo mpaka haifikirii tena. Akaileta kama ilivyo kwenye ukoka. Naitrojeni ya Oktoba inaufanya ukoka uendelee kutoa majani laini wakati ungekuwa unajikaza na kuweka akiba, na hapo unaikuta kuvu imeamka. Kalenda moja kwa nyasi mbili zenye mwaka uliopishana: nimekagua viwanja kadhaa vya ukoka kwenye majimbo haya ya katikati, na hili nalikuta mara nyingi kuliko uzembe wa kweli. (Nyasi za baridi nazo hazijaachwa na ukoo huu. Korrae ndiyo inayoleta pete za nyasi zilizokufa kwenye bluugrasi, ila huko hufuata njia nyingine.)

Aprili na Mei hatukupuliza dawa yoyote ya ukungu. Kazi ya miezi hiyo ilikuwa kuufanya ukoka uyajaze mabaka kutoka pembeni, na kizuizi kikubwa hakikuwa kuvu bali dawa ya magugu. Kampuni ilikuwa imepanga kuweka prodiamini, dawa inayozuia magugu yasiote. Dawa za kundi hilo, pendimethalini ikiwemo, hufanya kazi kwa kuzuia mizizi michanga, na shina la ukoka linalotambaa kuingia kwenye baka linahitaji mizizi michanga ili lishike ardhi. Likikosa, linaelea juu ya udongo hadi likauke. Tuliifuta upande wote wa kaskazini, tukakubali kung’oa magugu kwa mkono. Vijana wa timu walinung’unika, na haki yao, maana magugu hupenda sana zile duara tupu.

Udongo ulikuwa mgumu kama barabara palipoegeshwa magari, na kati ya majani na udongo palikuwa na tabaka la mashina makavu yaliyorundikana, zaidi ya sentimita mbili. Likizidi sentimita moja na robo hivi ni tatizo: mizizi inaishi humo humo badala ya kushuka, na hapo baridi inaikuta juu juu. Juni, ukoka ulipokuwa unakua kwa nguvu zote, tulipitisha mashine ya kutoboa inayotoa vipande vya udongo, mara mbili kwa njia zinazokatana. Maegesho yakahamishwa. Hilo la maegesho lilizua ubishi mrefu kuliko mambo mengine yote kwenye kikao cha kamati.

Sasa mbolea. Majaribio ya North Carolina yaliyochukua miaka kadhaa yalionyesha kwamba kuvu hizi hazilingani mbele ya aina ya naitrojeni: herpotricha ilipungua nyasi zikilishwa salfeti ya amonia, ile wakulima wa nyumbani wanayoiita SA, wakati korrae ilipungua kwa kalsiamu naitreti. Mtu asiyejua ana ipi shambani anapiga bahati nasibu. Sisi tulikuwa na jibu la maabara, kwa hiyo tukachukua SA, kiasi cha kilo 2.3 kwa kila mita za mraba 100, mara moja kwa mwezi kuanzia katikati ya Mei, ikifuatwa na maji papo hapo kwa sababu SA inaunguza majani makavu. Mgawo wa mwisho ulikuwa mwanzoni mwa Agosti. Baada ya hapo hakuna naitrojeni. Septemba uwanja ulipoanza kufifia kidogo, nahodha mmoja alipiga simu kuomba “mbolea kidogo tu” kwa ajili ya fainali. Tulikataa.

Dawa yenyewe iliingia vuli, yaani Septemba na Oktoba, na hapa nilikuwa mkali kuhusu mambo mawili: joto na maji.

Joto la udongo, siyo tarehe. Mtandao wa vituo vya hali ya hewa wa Kansas Mesonet hutoa bure joto la udongo kwa kina cha sentimita 5 na 10, lakini kituo kiko mbali na uwanja, kwa hiyo tulichoma pia kipimajoto cha udongo, kile cha bei ya chakula cha mchana, karibu na goli asubuhi na jioni. Wastani uliposhuka na kukaa kwenye nyuzi 21 siku kadhaa mfululizo, tukapuliza. Wiki nne baadaye, ukiwa umekaribia nyuzi 15, tukarudia. Kwa Wichita hiyo huangukia mwishoni mwa Septemba na mwishoni mwa Oktoba, lakini miaka haifanani.

Maji, kwa sababu kuvu iko kwenye mizizi na dawa inamwagwa kwenye majani. Ikikauka juu ya jani imekwisha. Mara tu mashine ya kupulizia ilipomaliza ukanda, vinyunyizio vilifunguliwa kushusha milimita 3 hadi 6 za maji. Tulipima kwa makopo matupu ya samaki yaliyopangwa kwenye nyasi, rula mkononi. Kinyunyizio cha kona ya mashariki kilikuwa kinatoa nusu ya vingine; bila makopo tusingejua, na kona hiyo ingepata dawa isiyo na faida.

Tulitumia dawa ya kundi la 3. Namba ya kundi, inayoonyesha namna dawa inavyoishambulia kuvu, huchapishwa kwenye lebo, na ni bora kuifuata hiyo kuliko jina la biashara. Kwenye majaribio ya vyuo vikuu, tebukonazoli ya kundi hilo imetumika miaka mingi kwa ugonjwa huu, na za karibuni zaidi za kundi la 7, isofetamidi na penthiopiradi, zimefanya vizuri pia. Lakini soma mahali lebo inaporuhusu: baadhi ya dawa za nyasi zimeruhusiwa viwanja vya gofu tu, siyo mahali watoto wanacheza mpira, na kwa sheria ya Marekani kwenda kinyume na lebo ni kosa. Anayepuliza kwa malipo lazima awe na leseni ya idara ya kilimo ya jimbo. Hili nalisema kwa vijana wetu wanaoanza biashara ya kukata nyasi na kuombwa na wateja “watie na dawa kidogo”.

Bei ndiyo iliyotaka kuvunja mpango. Kupuliza uwanja mzima mara mbili kungekula akiba ya ligi, na mweka hazina alilisema wazi: “Tunamwagia pesa nyasi ambazo ziko kijani?” Swali zuri. Kwa kuwa mabaka hurudi mahali pale pale, hakuna lazima ya kupuliza kote. Watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech wamekuwa wakiyapiga mabaka picha kwa droni majira ya kuchipua, kisha kuongoza mashine kwa ramani hiyo vuli ikifika. Sisi tulikuwa na simu. Mwezi Mei, mabaka yakiwa bado yanaonekana, kila moja lilipigwa picha na kupimwa umbali kwa futi ya kamba kutoka nguzo ya goli na mstari wa pembeni, yakaandikwa kwenye karatasi ya miraba. Septemba, uwanja wote ukiwa kijani kitupu, karatasi hiyo ndiyo iliyotuongoza. Tukapuliza mabaka na mita moja kuyazunguka, ila upande wa goli la kaskazini tukapuliza wote, kwa kuwa yalikuwa yamekaribiana mno. Zaidi ya nusu ya uwanja haikuguswa.

Kisha plaiwudi. Kabla ya kupuliza tulilaza vipande viwili vya plaiwudi juu ya mabaka mawili yanayojulikana, tukapuliza juu yake, tukaviondoa kabla ya kufungua maji. Mraba uliofunikwa ukapata SA ile ile, kutobolewa kule kule, maji yale yale na baridi ile ile. Kilichokosekana ni dawa peke yake. Bila miraba hiyo, Aprili ikija nzuri kila mtu atadai sifa: mwenye dawa, mwenye mbolea, na hata Mungu kwa kuleta baridi nyepesi.

Aprili iliyofuata mabaka yalipungua waziwazi. Mengi ya yale madogo hayakuonekana kabisa, makubwa yalirudi yakiwa yamepungua upana. Miraba miwili ya plaiwudi ilijionyesha kwa mbali: mabaka yale yalirudi kamili. Kwa hiyo dawa ilifanya kazi, hilo halina ubishi. Kuhusu SA na kutoboa, nasema kwa tahadhari zaidi, kwa sababu hatukuacha eneo lolote bila vitu hivyo. Lakini mabaka yaliyokuwa chini ya plaiwudi yalirudi kwa upana ule ule wa mwaka uliotangulia, wakati kawaida yake ni kupanuka, na hilo naliandika kwa upande wa mbolea na mashine. Mbele ya goli la kaskazini, palipokuwa pagumu kuliko kote, mabaka matatu hayakusikia dawa wala mbolea. Vuli moja haitoshi. Wanaofanya kazi hii hupanga miwili au mitatu mfululizo, na kamati imeweka fungu la mwaka wa pili.

Kwa msomaji wa Nairobi, Arusha au Dar es Salaam mwenye ukoka unaotoa mabaka: ugonjwa huu siyo wako. Bila udongo kupoa namna hii na nyasi kulala miezi kadhaa, kuvu hii haipati nafasi yake. Usinunue dawa kwa kusoma kalenda ya Kansas. Mabaka yako wakati wa mvua yana wenyewe wengine, na kazi ya kwanza ni ile ile ya ndoo ya maji na ukucha, ukianzia kwenye ukingo wa baka.

Lililobaki Wichita ni lile goli la kaskazini. Chuo cha Oklahoma State kimezalisha ukoka unaovumilia baridi kuliko Tifway, ukiwemo Latitude 36, NorthBridge na Tahoma 31, na unaovumilia baridi zaidi hupata hasara ndogo zaidi kwa ugonjwa huu. Kamati imekubali eneo la penalti livuliwe nyasi zote na kutandazwa Tahoma 31 mwezi Juni, siyo Septemba kama mwenye duka la mazulia alivyoshauri kwa sababu ya punguzo la bei, ili lipate kiangazi kizima cha kushusha mizizi. Mechi za Juni na Julai zimehamishiwa uwanja wa shule ya jirani, na mweka hazina amekwisha kuniuliza huko nako ni nyasi gani.